Kwa Yaya Riziki, Fundi wa Pikipiki ya Majini

Yaya wangu Riziki,

Nakuita yaya kama ilivyo desturi ya kwetu Uvira, ambako mkubwa wako wa kuzaliwa hatajwi kwa jina tupu, hata akiwa amehamia Kanada na majirani zake huko hawajui neno hilo lina uzito gani.

Jumapili iliyopita ulinipigia simu. Ulinipa habari za theluji, za kanisa, za watoto kusahau Kiswahili. Halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, ukasema kuna gereji karibu na hoteli unayofanyia kazi, na mwenye gereji alikuona umesimama ukitazama injini, akakuuliza kama kuna ufundi unaoujua. Ukamjibu kwamba hakuna. Nilipokuuliza kwa nini ulimjibu hivyo, ulicheka kile kicheko chako cha kufunga mazungumzo, ukasema, "Mudogo wangu, mimi siko fundi tena. Niko mutu wa kukunja mashuka."

Sikukubishia kwenye simu. Nakubishia sasa, kwa maandishi, tena waziwazi. Wenzetu wanaotoa jarida la vijana hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale wamekubali kuichapisha barua hii, ili kila aliyekuwa pale mwaloni, ufukweni boti za uvuvi zinapoegeshwa, mwaka 2012 aisome na aseme kama nimeongopa. Kukunja mashuka ni kazi, nayo inakulisha wewe na wanao. Siidharau hata kidogo. Ninachokikataa ni hilo neno "siko". Hukupewa ufundi wako na Nakivale, kwa hiyo huwezi kuuacha Nakivale kama mtu anavyoacha sufuria kwa jirani.

Unanijua, naandika mambo yangu kila siku na kuweka tarehe juu. Nimelifungua daftari la mwaka ule nitafute juma lile, na limenisaidia kidogo mno. Siku iliyokuwa kubwa kuliko zote nimeandika maneno haya tu: "Mvua asubuhi. Yaya hataki kula." Basi mengine yote nayatoa kichwani, na kichwani yamekaa vizuri.

Kabla ya pikipiki ile ya majini, hapa walikuita fundi wa unga. Mashine za kusaga mahindi za vijiji vyote vinavyoizunguka Base Camp, makao makuu ya makazi, zilikuwa zimepita mikononi mwako, na jioni ulirudi nyumbani nyusi nyeupe kama bibi kizee. Watu walidhani ulijifunzia hapo. Hawakujua kwamba baba alikuwa fundi wa injini za boti kule Uvira, na kwamba ulimshikia spana tangu ukiwa huwezi kuinyanyua kwa mkono mmoja. Mimi mwaka 1996 tulipoondoka nilikuwa mgongoni kwako. Baba namjua kwa maneno yako tu. Ulikuwa ukianza, "Baba alisemaka," nami nikajua kinachofuata ni sheria. Kuna moja niliipenda kuliko zote: mafuta hayapandi mlima. Ukiona yamelowesha chini, panda wewe, uende ukatafute fasi, yaani mahali, ya juu kabisa yenye kulowa.

Mzee Tumwine unamkumbuka alivyotufikia. Mfanyabiashara wa Mbarara, nyumba yake Kamukuzi, ng'ombe wake ng'ambo ya ziwa, na boti zake za uvuvi hapa mwaloni, kila moja na injini yake ya nyuma. Injini ikigoma, aliipakia kwenye pikapu kuipeleka mjini, na wavuvi wake wakabaki wameketi wakirusha mawe majini. Alikuwa anatafuta fundi mmoja wa kukaa hapa ziwani. Katikati ya shida hizo akajiletea starehe, ile pikipiki ya majini kuukuu, rangi ya manjano imekwajuka, aliyoinunua Entebbe kwa mtu ambaye nadhani alifurahi kuachana nayo. Watu wa mwalo waliibatiza jina siku hiyohiyo: bodaboda ya kiboko.

Kila Jumamosi alikuja kuiendesha. Na kila alipoinua kiti, tumboni mwa mashine, chini kabisa ya injini, alikuta maji meusi yenye mafuta yanayometameta juu. Akamleta fundi wake wa Nyamitanga, hukohuko Mbarara, Wilberi. Nataka niseme wazi, maana atasoma: Wilberi hakuwa mjinga. Alibadilisha gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, mahali ambapo fundi yeyote mwenye akili angeanzia. Baada ya Jumamosi mbili mafuta yakarudi. Ndipo akasema imebaki sili ya nyuma, ule mpira unaozuia mafuta mahali mhimili unapotokea, na kuifikia ni lazima injini yote ing'olewe, ipelekwe Mbarara.

Wewe ulikuwa umeketi juu ya jerikeni, umekuja kwa ajili ya mashine ya kusaga ya mtu mwingine. Ukasema, "Muzee, mbele ya kung'oa injini, unipe nafasi niiangalie."

Wilberi akakutazama viatu. "Nyabo, hii si engine ya kusaga posho."

"Njo vile, ssebo," ukamjibu, ukilipa "mama" yake kwa "bwana". "Mashini ya unga ikinishinda, batu banalala njaa. Hii ikinishinda, muzee atatembea tu na miguu."

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akaangusha kasia. Mzee Tumwine naye alicheka, lakini akanyoosha kidole. "Kale, sawa. Wewe pata mahali inavuja, mimi nakupa engine zangu zote utengeneze. Ukishindwa, usiniambie tena wewe ni fundi."

Injini zote za mwalo upande mmoja, na upande wa pili jina lako. Uliitikia kwa kichwa kana kwamba amekuambia bei ya nyanya. Ila nyumbani hukula, wala asubuhi yake mvua ikinyesha, na mimi nikaandika kile nilichoandika.

Mvua ilipokatika tuliivuta ile mashine juu ya majani. Ulianza na kazi ambayo wengine waliiona ni ya dobi. Ulifungua vizibo viwili vya nyuma, maji yote machafu yakatoka. Ukachukua sabuni na brashi, ukaosha tumbo lake lote, ukaosha injini kila pembe, ukakausha kwa vitambaa mpaka pakawa pa kuwekea sahani. Mikono yangu ilikuwa inauma.

"Yaya, tunaosha ao tunatengeneza?"

"Tunaosha tuone. Kwenye uchafu, fasi yote inafanana."

Halafu ukachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Alama zilionyesha yako sawa, katikati ya mstari wa chini na wa juu. Nilifurahi, lakini uso wako ulikunjamana. "Kila juma inamwaga, na haipungukiwe?" Ukawaza kwamba pengine Wilberi aliongeza alipobadilisha gasketi. Ukakirudisha kijiti mahali pake, lakini nilikuona ukikitazama tena mara mbili tatu, kama mtu aliyesalimiwa na asiyemfahamu.

Ulikuwa umenituma sokoni Base Camp kununua poda ya watoto. Ukainyunyizia kwenye viungo vyote, kwenye kifuniko cha juu, kuzunguka chujio la mafuta, mbele na nyuma ambako mhimili wa injini unatokea. Mantiki yake ilikuwa rahisi: poda kavu ni nyeupe, na mafuta yakiigusa tu, hata chozi moja, yataacha doa. Wavuvi hawakutaka mantiki. Walitaka kucheka.

"Fundi wa unga amerudi na unga wake!"

"Anaipaka poda, inaenda kuolewa!"

Hukugeuka. "Mukae hapo, mungojee. Bibi arusi akilia, mutaona machozi inatokea fasi gani."

Kilichobaki kilikuwa kuiwasha, na hapo ndipo shida ya Nakivale ilipoingia. Injini ile inapozwa na maji inayoyavuta yenyewe, kwa hiyo haiwezi kunguruma nchi kavu ila kwa muda mfupi sana. Mjini wangeifungia bomba la maji. Sisi bomba tungelitoa wapi? Ukaamua maabara yetu iwe ziwa lenyewe. Tuliifunga katikati ya boti mbili, mahali maji yanapofika kiunoni, mbali na tope na majani ambayo yangeweza kuvutwa ndani. Kiti tulikitoa, injini ikabaki wazi juani. Mimi nilishika kamba na kuwatazama viboko waliokuwa wametoa masikio kule mbele.

"Usiangalie viboko," ukaniambia. "Angalia poda."

"Viboko wanaua, Yaya. Poda haiui."

"Leo poda njo inaua."

Wilberi alikuwa amekuja pia, Mzee alimtuma awe shahidi. Alisimama kwenye boti ya pili, suruali ameikunja, uso wa mtu aliyekuja msibani kwa jirani. Ukaiwasha. Injini ikanguruma polepole, na poda ikabaki nyeupe pande zote. Ukaongeza mwendo. Kifuniko cha juu kikavu. Chujio kavu. Wilberi akainama, akaangalia ile sili ya nyuma aliyokuwa ameihukumu, akaingiza kidole, akakitoa. Angeweza kunyamaza. Akasema, "Nyuma kavu. Sili haina makosa." Kuanzia dakika ile nilimheshimu.

Basi inatoka wapi? Ukazima. Maji yakabaki yanapiga ubavu wa boti. Halafu ukanionyesha kidogo tu, kwa kidevu. Chini ya lile boksi jeusi la pembeni linaloipa injini hewa, uzi mwembamba wa mafuta ulikuwa unateremka, safi, bila kupita kwenye kiungo chochote tulichokipaka poda. Ukapanda nao kama baba alivyosema. Ukaingiza mkono pale macho yasipofika, ukafumba macho, na mkono ukaenda peke yake. Juu ya boksi ulikuta bomba la kupumulia linalotoka kichwani mwa injini. Ukalichomoa. Lilikuwa zima, halina ufa, na ndani limejaa mafuta.

Ukasema, kwa sauti ya chini, "Haivuji. Inatapika."

Ukachomoa tena kile kijiti, sasa injini ikiwa ya moto. Mafuta yalikuwa yamepita mstari wa juu, yamepita na kuendelea kupanda. Wilberi akasema neno la Kinyankore ambalo sitaliandika. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mafuta mengine yalikuwa yamelala chini ambako kijiti hakiyaoni. Tulipoiwasha yakarudi kwenye tangi lake na kijiti kikasema ukweli. Wewe hukufurahia kijiti. Ulikaa juu ya ubao wa boti, miguu majini, ukasema jambo ambalo nimewafundisha vijana wote waliopita hapa baada yako: "Mashini yenye kuvuja haiwezi kushiba. Hii imeshiba kupita. Nani anaikulishaka?"

Hukuwauliza wavuvi, wala Wilberi. Ulimwita Papa Yosua.

Kwa wasiomjua, Papa Yosua, yaani Baba Yosua, ni mzee wetu wa Fizi, jirani na Uvira, mlinzi wa vifaa vya Mzee Tumwine, mtu wa sauti nzito kwenye kwaya. Alikuja akijipangusa mikono. Namna ulivyomuuliza, Yaya, ndiyo sehemu ya ufundi ambayo spana haina. Hukusema nani ameharibu. Ulisema, "Papa, asante kwa kuchunga mashini. Nani anaiongezeaka mafuta?"

Akanyooka kwa fahari. "Miye! Kila Ijumaa, siku ya tano, muzee anapigaka telefone: Yosua, ongeza mafuta, kesho nakuja. Sijasahau hata mara moja!" Akaenda ghalani akarudi na kopo la mafuta ya injini, amelifunga kwa kitambaa lisiingie vumbi.

"Na esanse?"

"Esanse?" Alishangaa kweli. "Hajanisemea mambo ya esanse hata siku moja."

Wilberi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alikaa chini ndani ya boti, akacheka huku ameshika kichwa. Nami nikaelewa baada yake, na wewe nadhani ulikuwa umeshaelewa kabla hujauliza. Kwetu sisi wa Kivu, mafuta ni yale ya kwenye kikaango, ya kwenye ngozi na ya kwenye injini. Kile kinachochoma ndani ya mashine tunakiita esanse. Kwa Mzee Tumwine, mafuta ndicho kitu anachojaza kwenye stesheni pale Mbarara, na kile cha kulainisha injini anakiita oil, basi. Kila Ijumaa aliagiza petroli, na kila Ijumaa akawekewa mafuta ya injini, kwa uaminifu mkubwa. Jumamosi alikuta petroli haikuongezwa, akanung'unika kwamba mlinzi wake ni mvivu, akajijazia mwenyewe. Injini ikashiba, na ilipokimbizwa ikarudisha ilichoshindwa kubeba. Wanaume wawili wasio na kosa, na katikati yao neno moja.

Mzee alifika alasiri. Tulipomweleza alimgeukia Papa Yosua kwa ukali. "Banange! Huyu mzee ameniua engine! Toka hapa, sitaki kukuona!"

Papa Yosua alivua kofia yake akaishika kifuani. Wewe ukasimama mbele yake, mikono bado myeusi.

"Muzee, alifanya yenye ulisema. Tena kila juma, bila kukosa. Mulinzi mwenye kutii hivi utamupata wapi?"

Mzee akapata njia nyingine, maana mfanyabiashara hakosi njia. "Lakini mimi nilikuambia upate mahali inavuja. Sasa unasema haivuji. Basi hujapata."

Na wale wavuvi, Mungu awasamehe, wakamuunga mkono. "Hajafunga hata nati moja!" "Fundi gani hajabadilisha kitu?"

Ungeweza kung'oa kitu chochote kile, ukirudishe kilekile, ukaitwa fundi. Hukufanya hivyo.

"Muzee, ukienda kwa daktari, akute tumbo yako ni nzima, ila ulikula sana. Daktari amekosea?"

"Hayo ni maneno," akasema. "Kama unaamini, kaa juu yake. Enda mpaka kwa ng'ombe zangu, urudi. Nikifungua kiti nikute kavu. Kukiwa na tone, Wilberi anaibeba leo."

Ukavuta mafuta yaliyozidi kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo, ukipima, ukivuta tena. Ukasafisha lile boksi na bomba lake. Ukavaa jaketi la kuelea lililokuwa kubwa kama hema, wewe usiyejua kuogelea, ukanigeukia.

"Panda."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Inatapika ikibeba. Muzee ni munene, na wewe unakula vizuri. Panda."

Basi nilipanda nyuma yako kama gunia. Sitasahau tulivyoondoka, mafunjo yakigeuka mstari mmoja wa kijani, ndege wakiinuka, mimi nikiomba zaburi ninazozikumbuka nusunusu. Nilidhani nawe unaogopa. Katikati ya ziwa ukapiga kelele, "Unasikia?"

"Nini?"

"Hakuna kitu!"

Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unaisikiliza injini kama watu wanavyosikiliza kwaya, na kwenye kwaya ile hakukuwa na sauti iliyopotea. Tulizunguka mbele ya ng'ombe wa Mzee, wakatutazama, tukarudi kwa mwendo uleule.

Mzee aliinua kiti mwenyewe. Wilberi akatoa leso yake nyeupe mfukoni, leso ya kanisani, akaingiza mkono mpaka chini kabisa ya lile boksi, akapangusa, akaitoa, akaiinua ili watu wote waione. Ilikuwa imelowa maji. Ilikuwa nyeupe.

"Nyabo, maji tu, mafuta hakuna," akasema. Kisha akamgeukia Mzee. "Mimi ningeng'oa hii engine bure. Huyu ni fundi."

Mzee Tumwine hakutoa hotuba. Alikifunga kile kiti, akasema, "Kesho anza na ile ya boti ya kijani. Inanisumbua asubuhi." Na Papa Yosua akavaa kofia yake. Jioni ile ulikula ugali mpaka nikakuuliza kama nawe hujazidi mstari wa juu.

Tangu siku hiyo mpaka ulipoondoka mwaka 2014, hakuna aliyekuita fundi wa unga tena, isipokuwa wewe mwenyewe ulipotaka kunichokoza. Injini za mwalo zilikaa mwaloni. Wilberi akawa anakuja kutoka Nyamitanga na maswali yake, na wewe ukawa unampelekea yako. Papa Yosua yupo, anakusalimu. Mzee akimpigia simu amwambie aongeze mafuta, anamjibu, "Ya kunywa ao ya kupaka?" na Mzee lazima achague kabla hajakata simu.

Sasa nisikilize, Yaya. Nafanya kazi mahali pako, na naifanya vizuri, sijifichi katika hilo. Lakini mara nyingi injini inaponigomea nageuza kichwa upande uliokuwa ukiketi, kukutafuta uninyooshee kidevu. Upweke huo si mzito wa kunilaza chini. Ni kama kufanya kazi ya mikono miwili kwa mkono mmoja na nusu. Inakwenda, ila unajua.

Nafikiri najua kwa nini ulimjibu yule mwenye gereji hapana. Unadhani ufundi ni cheti ambacho huna, au majina ya vipuri kwa Kiingereza, au zile injini zao zenye kompyuta. Majina utajifunza, ulijifunza ya Kifaransa kwa baba, na ya Kiganda kwa wavuvi. Kompyuta itakuambia kuna shida, haitakuambia ni nani aliyeilisha mashine na kwa nini. Siku ile hukubadilisha kitu hata kimoja, na ndiyo siku niliyokuona fundi kuliko siku zote. Ulikataa kuanza na jibu. Ulisafisha, ukatazama, ukapanda na mafuta mpaka yalikotoka, na ulipofika kwa mtu ukamuuliza kwa namna ambayo angeweza kujibu bila woga. Mtu anayeweza hayo anaweza pia kusimama mbele ya Mkanada mwenye gereji.

Juma hili nilikwenda Kamukuzi. Nilimkuta Mzee Tumwine barazani na Wilberi ameketi naye, nikawaambia ulichoniambia. Wilberi akasema mara moja kwamba wampigie yeye, atawaeleza kazi zako mpaka salio la Kanada liishe. Mzee naye akasema, "Mwambie asiniaibishe. Mimi natembea Mbarara yote nikisema nina fundi wangu Kanada."

Kwa hiyo mashahidi unao, na namba zao utaziona kwenye simu yako leo. Rudi kwenye ile gereji. Huna haja ya kueleza maisha yako yote wala safari yetu yote. Mwambie ulikosea ulipojibu, kwamba wewe ni fundi wa injini, na kwamba wa kuulizwa wapo. Kama atakataa, iko gereji nyingine barabara inayofuata, na nyingine baada yake. Mashuka yatakungoja, hayana haraka.

Nakuachia hapa, nikikushikilia nafasi yako palepale uliponiachia. Wasalimie watoto kwa Kiswahili, hata wakijibu kwa lugha nyingine. Na Jumapili ukinipigia, usinisimulie kwanza walivyokupokea. Nisimulie injini ya kwanza waliyoiweka mbele yako, na mkono wako ulianzia wapi.

Mdogo wako,
Nakivale, 2015